Jinsi Maji Yalivyochemka Njia ya Taveta

Wenzangu wa kwaya, mlikuja na unga na sukari kumtazama mama mkwe wangu mgonjwa, mkamkuta shambani analima, mgongo umenyooka kuliko wetu sote. Mkacheka, mkaniachia unga, halafu kila mmoja kwa wakati wake akanivuta pembeni: Taveta kulikuwa na nini? Nani alieneza kwamba mama anaumwa? Na mumeo Baba Mghoi mbona amenyamaza hivyo siku hizi? Nimechoka kujibu nusu nusu kwenye foleni ya maji. Nimeandika yote humu. Peaneni daftari hili, mkimaliza mnirudishie, na atakayelisoma kwa sauti mbele ya wanaume tutakosana.

Kwanza mjue hili: nilikwenda Taveta kwa sababu ya wivu. Mume wangu aliitwa na shule moja huko, wamwone kwa kazi ya dereva na fundi wa lori la shule. Kazi ya kudumu, yenye nyumba. Nyinyi mnajua miaka yote amelala chini ya malori ya watu hapa Maungu, mgongo kwenye mchanga, na jinsi alivyoitamani kazi ya namna hiyo. Lakini aliyemtafutia ni Mwalimu Priska anayefundisha shuleni pale, ambaye mume hana na gari analo, na safari wangekwenda wawili. Nikasema nami naenda, namsalimu shangazi yangu. Shangazi huyo alihamia Moshi zamani. Baba Mghoi analijua hilo vizuri, na hakusema kitu.

Maungu hadi Voi

Mwalimu Priska alifika kwetu asubuhi akitokea Mombasa, likizo imeisha, na gari lake dogo la rangi ya maziwa. Akashuka na miwani ya jua, nywele zimechanwa duara kubwa, sketi sitaisema. Alinisalimu vizuri, kwa mikono miwili na kwa Kidawida safi cha Wundanyi. Hilo liliniudhi zaidi. Ningependa anidharau nipate pa kuanzia.

"Mama Mghoi, utakaa wapi?" akaniuliza.

"Nyuma kuna nafasi," Baba Mghoi akajibu kabla yangu.

Nafasi yenyewe ilikuwa kati ya maboksi ya vitabu na jogoo wangu wa zawadi. Nikaingia. Mwalimu alikuwa tayari kwenye usukani, na mume wangu bado amesimama nje, anapekua mifuko ya koti lake la Jumapili. Akapekua mfuko wa kulia, wa kushoto, wa ndani, akarudia wa kulia.

"Unatafuta nini, Baba Mghoi?"

"Hakuna kitu. Twende."

Mimi nilijua anatafuta nini, kwa sababu kilikuwa ndani ya kiondo changu. Siku tatu kabla nilikikuta katika mfuko huo huo nikiwa nalipiga koti pasi: kitu cha shaba, mviringo, ukubwa wa kifuniko cha chupa kubwa, na springi ndogo katikati. Kilikuwa kimesuguliwa kwa petroli mpaka kinang'aa, kimefungwa katika karatasi safi. Vipuri vya mume wangu navijua, vyeusi, vinanuka, na haviingii ndani ya nyumba yangu. Hiki kilikuwa kwenye koti la kanisani! Nikakumbuka mapambo ya shaba ambayo wanawake wa Mombasa wanayabandika kifuani siku hizi. Nikasema, haya, amemnunulia pambo. Nikakichukua, nikanyamaza, nikangoja nimwone atakavyohangaika. Mkitaka kucheka, chekeni sasa, maana mbele hakuchekeshi.

Tulipoipita njia ya kwenda stesheni, Mwalimu akagonga kioo cha saa mojawapo mbele ya usukani.

"Fundi, huu mshale wa joto mbona haupandi kabisa? Zamani ulikuwa unasimama katikati."

"Niliuponya," akasema mume wangu.

Hapo ndipo yalipoanza. Mnakumbuka gari hilo lilichemka Miasenyi likaletwa Maungu likivutwa na lori. Ndiyo siku waliyojuana. Sasa akaanza kumweleza alichofanya, na nawaambia ukweli, sauti ile nilikuwa sijawahi kuisikia. Ilikuwa ya polepole, ya chini, na mikono yake ikichora hewani. Injini, akasema, ni moto uliofungiwa ndani ya chuma, na chuma kisipopozwa kitashikana. Kwa hiyo wamekizungushia maji. Pampu inayasukuma maji yapite kando ya moto, yanabeba joto, yanakwenda mbele kwenye rediata, yanashuka kwenye vijibomba vyembamba kama majani, feni inavuta upepo katikati yake, maji yanapoa, yanarudi kubeba joto jingine.

"Kumbe yanabeba tu na kutua," akasema Mwalimu.

"Ndiyo hivyo! Ni kama mama anayekwenda mtoni."

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimkuta anapuliza bomba la mpira, nikamuuliza lina kazi gani. Alinijibu, "Hayo huwezi kuelewa, nipe chai." Sikumuuliza tena. Na sasa mama anayekwenda mtoni alikuwa amekaa nyuma na jogoo, akisikia mambo hayo kwa kudokoa.

Voi hadi Mwatate

Voi tulichelewa saa nzima. Treni ya mizigo ilisimama kwenye kivuko, ikarudi nyuma kidogo, ikasonga mbele kidogo. Baba Mghoi akatumia nafasi hiyo kufungua boneti, na Mwalimu akashuka kuchungulia naye. Niliona migongo yao miwili kupitia kioo, na kati ya migongo hiyo hakukuwa na nafasi ya kupitisha kisu.

Mwatate tuliingia hotelini kula. Mwenye hoteli, mtu mnene mwenye kitambaa begani, akaweka chai na mandazi mbele ya Mwalimu na mume wangu.

"Karibuni, bwana na bibi," akasema. Kisha akanigeukia. "Na yaya atakunywa nini?"

Mwalimu alikuwa wa kwanza kusema. "Huyu ndiye mke wa Fundi. Mimi ni abiria wao."

"Wewe si ndiye unayeendesha?"

"Naendesha."

Mwenye hoteli akatutazama watatu mmoja mmoja, akaona hesabu haitoki, akaenda kuleta sukari. Baba Mghoi alicheka mpaka machozi. Nilimtazama akicheka, nikamega andazi vipande vipande, sikula hata kimoja.

Ilikuwa hapo hapo mezani ambapo Mwalimu alisema, "Lakini Fundi wangu, unaeleza vizuri sana. Ungepata shule ungekuwa mwalimu kunishinda." Asubuhi alikuwa Fundi, saa hizi amekuwa Fundi wangu.

Mume wangu akatazama chini kwenye kikombe. "Hakuna anayeuliza," akasema.

Nikavikusanya vipande vya andazi langu.

Bura

Baada ya Mwatate barabara haina lami, ni ya murramu, na inapanda. Jua lilikuwa limekaa juu ya bati la gari, na vumbi linaingia hata vioo vikifungwa. Mwalimu alikuwa amepata ladha ya kuuliza.

"Sasa uliuponyaje huo mshale?"

"Mkanda wa feni ulikuwa umelegea, nikaukaza. Halafu nikatoa thermostati."

"Ndiyo nini hiyo?"

Akamweleza. Pale maji yanapotoka kwenye injini kuna mlango mdogo unaojifungua wenyewe. Ndani yake kuna nta. Asubuhi injini ikiwa baridi mlango unakuwa umefungwa, maji yanazunguka ndani tu, injini ipate joto upesi, kwa sababu injini baridi nayo haifanyi kazi vizuri. Maji yakipata moto nta inayeyuka, inavimba, inausukuma mlango, na maji yanapata ruhusa ya kwenda kwenye rediata. Yakipoa sana mlango unajirudisha.

"Kwa hiyo wenyewe unajua kiasi!"

"Unajua. Lakini ule waliuweka kwa ajili ya baridi ya kwao Ulaya. Nchi yetu ni ya joto, mlango wa nini? Unazuia maji tu. Mafundi wote wa njia hii tunautoa. Wako niliutoa nikausugua vizuri kwa petroli, ni kitu cha shaba, nilitaka kukurudishia leo usije ukasema fundi amekuibia. Sijui nimeuweka wapi."

Shaba. Petroli. Jamani, nilisikia joto likinipanda kutoka miguuni. Kiondo kilikuwa kati ya visigino vyangu, na ndani yake, chini ya chapati na kopo la kimanga cha muhogo na maharage, kuna pambo langu la Mombasa! Ningeweza kulitoa wakati ule ule tukacheka wote. Lakini ningesema nini? Kwamba nilimpekua? Na mbele ya yule? Nikakisukuma kiondo ndani zaidi chini ya kiti.

Hata kabla sijamaliza kukisukuma Mwalimu akasema, "Fundi, mshale umepanda." Ulikuwa umepita katikati, ukafika kwenye alama nyekundu, na harufu ya kutu moto ikaingia ndani. Tukasimama. Mvuke ulikuwa unatoka pembeni mwa boneti.

Mtu yeyote aliyekaa na fundi anajua kifuniko cha rediata hakifunguliwi moto. Maji ya ndani yamebanwa, ukiyafungulia yanaruka. Baba Mghoi mwenyewe amewafokea madereva wangapi kwa kosa hilo? Lakini Mwalimu alikuwa amesimama kando yake na wasiwasi usoni, naye akataka kuonyesha kwamba jambo ni dogo. Akaweka kitambaa, akazungusha. Maji yakaruka yakamchoma mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko.

Mwalimu Priska akaushika ule mkono, akauinamia, akaupuliza. Polepole, toka juu mpaka chini. Mimi nilikuwa bado nahangaika kutoka nyuma, maboksi yamenibana. Nilipofika nilikuwa nimechelewa. Nikaleta maji ya kunywa nikamwagia mkono wa mume wangu, na nilimwagia kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Tukangoja gari lipoe. Nikaenda na debe mpaka kwenye mto, watu wa Bura wakanisaidia kujaza. Tulimimina kidogo kidogo injini ikiwa inanguruma, tukaondoka.

Maktau

Lilichemka tena kabla ya Maktau, tukaomba maji stesheni ya reli. Mtu wa stesheni alitupa, akasema njia ya mbele haina maji wala nyumba, na ndovu walipita asubuhi. Baba Mghoi alikuwa ameacha kueleza. Alikaza mkanda ambao haukulegea. Akapuliza rediata ambayo haikuziba. Aliangalia saa yake mara nyingi, kwa sababu mkuu wa shule alikuwa amesema atamngoja mpaka saa kumi tu, kisha anasafiri.

Mwendo mfupi baada ya stesheni tukasimama mara ya tatu. Sasa kimya kabisa, nyasi kavu pande zote, na joto linacheza juu ya barabara. Jogoo alikuwa ameachama mdomo.

Aliyetukuta pale ni dereva wa lori la katani, Bwana Athmani, Mswahili wa Voi. Alishuka taratibu, akauliza kama kuna chakula, akala chapati zangu tatu na nusu ya kimanga, akafuta mikono, ndipo akauliza gari lina nini. Mume wangu akamweleza yote kama anavyoeleza mtu aliyekwisha kujaribu kila kitu.

"Na thermostati?"

"Niliitoa."

"Umeitoa!" Bwana Athmani akapiga kofi kwenye paja. "Basi ushalijibu mwenyewe, ndugu yangu. Hebu njoo utazame hapa." Akamwonyesha bomba fupi pembeni mwa injini. "Injini hii ina njia mbili za maji. Hii ndefu yenda kwenye rediata, na hii fupi yarudi papo hapo. Mlango ule ukifungua njia ndefu, kwa nyuma waziba njia fupi. Sasa weye umeutoa wote. Maji nayo ni mavivu kama mimi, yatapita njia fupi. Nusu yake hayaioni rediata kabisa. Tambarare haina neno, lakini kwenye mlima na jua hili? Mimi niliua injini ya tajiri wangu hivi hivi. Irudishe, mutafika."

Mume wangu alikaa chini kando ya gurudumu. Sijawahi kumwona amekaa vile. Si kwa sababu ya kosa tu, ni kwa sababu lilisemwa mbele ya mwanafunzi wake. "Sinayo," akasema. "Nilikuwa nayo kwenye koti. Imepotea."

"Basi muvutwe, na mimi sina kamba."

Mwalimu Priska alikuwa amefunika uso kwa mikono. Saa ilikuwa inakaribia nane. Nikafikiria: nikikaa kimya, mkuu wa shule ataondoka, kazi itakwenda, tutarudi Maungu mimi na mume wangu, na hakuna atakayejua. Nililifikiria hilo vizuri, wenzangu. Sikulifikiria kwa haraka. Halafu nikatazama ule mkono wake uliovimba, nikainua kiondo, nikatoa ile karatasi, nikaiweka juu ya boneti.

Mume wangu akaifungua.

"Ilikuwa wapi?"

"Niliitoa kwenye koti lako."

"Kwa nini?"

"Nilifikiri ni pambo. Nilifikiri umemnunulia yeye."

Bwana Athmani akacheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake, akaenda kutafuta spana. Mwalimu alivua miwani akanitazama, na macho yake hayakuwa ya ushindi hata kidogo. Baba Mghoi hakunifokea. Alikata gasketi ya kuzibia maji kutoka kwenye ubavu wa boksi la vitabu, akaipaka grisi, akaurudisha mlango mahali pake na bolti zake mbili, akajaza maji tuliyopewa stesheni. Kazi yote hiyo aliifanya bila kumweleza mtu yeyote chochote.

Salaita

Kutoka pale gari lilikwenda kama limetoka dukani. Mshale ulipanda mpaka katikati ukasimama hapo, tukipanda, tukishuka, haukutikisika. Mwalimu hakuuliza swali. Mume wangu alitazama nje upande wake. Tulipoukaribia mlima Salaita, Mwalimu akasimamisha gari, mume wangu akaenda vichakani, nasi tukabaki wawili.

"Dada," akaniambia akiwa bado ametazama mbele. "Gari hili aliniachia baba. Aliniachia funguo tu. Kila fundi ninayemuuliza ananiambia hayo huwezi kuelewa."

Maneno yale yale. Ningemjibu kwamba hata mimi. Ningemwambia kwamba sisi wawili tumekataliwa kitu kimoja, yeye amekipata, na ndicho kilichoniuma kuliko sketi na miwani. Badala yake nikamwambia jogoo ana kiu.

Taveta

Tulifika saa tisa na nusu. Migomba, maji yanapita kwenye mifereji, kivuli kila mahali. Nyumba ya kazi ilikuwa tayari, vyumba viwili, na mkuu wa shule, mtu mpole mwenye kalamu mfukoni, alituonyesha mpaka jiko. Kisha akampeleka mume wangu kwenye lori la shule, akamwambia aeleze lina ugonjwa gani. Baba Mghoi akasikiliza injini, akauliza kwanza kama thermostati imo. Haikuwemo. Akamweleza mkuu wa shule njia ndefu na njia fupi, na ile sauti ikarudi. Mwalimu Priska alikuwa mlangoni anasikiliza, ametabasamu, si kwa ubaya, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda. Mume wangu akamwona. Akamalizia maelezo akimtazama yeye.

"Utaanza lini?" akauliza mkuu wa shule.

Baba Mghoi akanigeukia. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa siku tuliyooana.

Nikasema, "Hawezi kuanza. Mama yake ni mgonjwa sana Maungu. Tumekuja kushukuru tu."

Sasa mnajua nani alieneza. Ilinitoka laini, kama maji. Mkuu wa shule akasema pole. Mwalimu Priska akasema pole pia, na yeye alijua kwamba ni uongo. Nilimngoja mume wangu anikanushe. Angesema neno moja tu ningeaibika, naye angeipata kazi. Akajipangusa grisi kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Ndivyo," akasema. "Mama hajiwezi."

Kurudi

Tulirudi kwa treni, na nilimwachia Mwalimu jogoo. Kuanzia Taveta hadi Voi Baba Mghoi aliniuliza mara mbili kama nasikia baridi, akanifunika kwa koti lake la Jumapili. Hakunilaumu wakati ule na hajanilaumu mpaka leo. Ndiyo maana mnamwona amenyamaza.

Mnasema nimeshinda. Wengine mmesema hivyo bila kujua yote. Mume ninaye, yuko chini ya malori pale pale, kila jioni anakula kwangu. Na sasa ananieleza! Nikimuuliza chochote cha injini ananieleza mpaka mwisho, bila kukasirika, bila kusema sitaelewa. Najua pampu, najua mkanda, najua kwa nini kifuniko kinabana maji yasichemke upesi. Ananieleza kama mtu anayesoma tangazo la chifu.

Jana nimemuuliza tena habari za ule mlango wa nta. Akaweka kijiko chini akaanza mwanzo, injini ikiwa baridi, injini ikipata moto. Alipomaliza akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia bado, rudia.